Yai Lililopanda Kitonga

Katika buti za mabasi yanayoingia Mbeya, kati ya magunia ya vitunguu vya Ruaha Mbuyuni na matenga ya nyanya za Ilula, husafiri pia mayai yasiyokwenda jikoni. Yametumwa na mfugaji wa Iringa, wa Mafinga, pengine wa Dar es Salaam, kwa mfugaji wa Uyole, Iwambi au Mbalizi aliyelipia kwa simu bila kuwaona kuku walioyataga. Anachotafuta ni damu: kuchi mrefu mwenye kifua cha kusimama, au kuku wa kienyeji mwenye umbo ambalo kijijini kwake limekwisha kupotea. Jogoo wa namna hiyo ni ghali kumnunua, ni shida kumsafirisha, na akija hai anaweza kuja na mdondo. Yai linakuja kimya, na ukoo mzima wa kuku unaingia ndani ya boksi moja.

Vifaranga wa siku moja nao husafiri, tena husafiri vizuri. Kabla ya kutoka kwenye ganda, kifaranga hukivuta kiini kilichobaki na kukiingiza tumboni, nacho humlisha kwa siku mbili hadi tatu. Ndiyo maana kampuni kama Silverlands, iliyoweka mradi wake wa kuku Ihemi, mkoani Iringa, imeweza kusambaza vifaranga wa Sasso mbali na mahali walipototolewa. Lakini mashine kubwa hutotolesha kile ambacho soko kubwa linanunua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, walipowachambua kuku wa kienyeji wa Tanzania waliyataja makundi kama kuchi, Singamagazi, Ching'wekwe, na moja waliloliita kwa jina la Mbeya. Kuku hao huwapati kwa kuagiza boksi la vifaranga mia. Unawapata kwa mfugaji mmoja anayewajua kuku wake mmoja mmoja, na mayai yake yatakuja na basi.

Ninawaheshimu sana watu wanaoyapokea mayai hayo na kuyatoa vifaranga. Wengi wanadhani kutotolesha ni kuwa na mashine na umeme. Mimi nimekaa na watotoleshaji wa nyanda hizi za juu nikaona kwamba sehemu kubwa ya ufundi wao ni kujizuia: kujua ni saa ngapi mkono usiguse.

Kazi huanza kwa anayefunga. Mayai yawe ya siku chache, yasizidi saba. Yasioshwe, kwa sababu ganda lina utando wa nje unaozuia vijidudu. Tarehe ya kutagwa huandikwa kwa penseli. Kila yai huviringishwa peke yake na kupangwa ncha nyembamba ikiwa chini, na nafasi zote hujazwa kitu laini. Huku kwetu maranda si tatizo. Viwanda vya mbao vinavyolishwa na msitu wa Sao Hill, Mufindi, huyatoa kwa wingi, na maranda makavu hushika yai bila kulibana. Baada ya hapo yanabaki maneno ya stendi.

"Kaka, ni mayai ya kutotolesha haya. Usiniwekee karibu na injini, tafadhali."

"Usijali, mama. Nitayashusha kwa mkono wangu."

Na konda mzuri huyashusha kweli kwa mkono wake. Naye ana sehemu yake katika ufundi huu.

Tuitazame barabara yenyewe. Yai lenye mbegu linapotagwa, ukuaji umekwisha kuanza ndani yake. Likipoa, ukuaji husimama. Likipata joto la zaidi ya nyuzi 20 na kitu, huamka tena, lakini kwa kusuasua. Sasa lipandishe basi Dar es Salaam. Litapita joto la Morogoro na Mikumi, litachemka Ruaha Mbuyuni, litaupanda mlima Kitonga na kukutana na baridi ya Iringa na Mafinga, kisha baada ya Makambako litateremka tena kwenye joto la Igawa, Chimala na Igurusi kabla ya kupanda kwenda Uyole. Ni zaidi ya kilomita 800 za kuamshwa na kulazwa, pamoja na matuta yote ya njiani. Lililotoka Iringa lina safari isiyofika nusu ya hiyo, na kwa sehemu kubwa ni nyanda za juu. Tofauti hiyo huonekana siku ya 21, vifaranga wanapotoka.

Boksi likifika, mtu asiye na uzoefu huyapeleka mayai kwenye mashine papo hapo. Fundi huyasimamisha kwenye trei, upande mnene juu, katika chumba chenye ubaridi wa wastani, na kuyaacha hadi kesho yake. Upande ule mnene kuna chumba cha hewa, mahali ambapo kifaranga atavuta pumzi yake ya kwanza. Mtikisiko wa safari huweza kukibandua kutoka mahali pake, na ukilimulika yai kwa tochi unaona hewa ikihamahama kila unapolielekeza. Dawa ya hilo ni utulivu. Lisimame, lisigeuzwe. Hata likiingia kwenye mashine, wengi huliacha wima siku mbili tatu za mwanzo, kisha huliinamisha taratibu upande huu na upande ule badala ya kuliviringisha. Kuna mayai ambayo mtu mwingine angeyatupa, nayo yamepona hivyo.

Kisha linakuja jambo ambalo vitabu vingi vya ufugaji, vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wa nchi tambarare, havilisemi. Ganda la yai la kuku lina matundu zaidi ya 10,000. Mwanasayansi Hermann Rahn wa Buffalo, Marekani, aliyetumia miaka mingi kuchunguza jinsi yai linavyopumua, alieleza pamoja na wenzake mwaka 1979 kwamba kwa siku zake 21 yai huvuta kama lita 6 za oksijeni na kutoa kama lita 11 za mvuke wa maji. Yote hupita katika matundu hayo. Mbeya mjini ni mwinuko wa mita 1,700 hivi, na kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 ikilinganishwa na Pwani. Hewa nyepesi huruhusu mvuke utoke haraka zaidi, kwa takriban moja ya tano, na wakati huohuo oksijeni inayoingia ni haba. Rahn na wenzake walionyesha pia, mwaka 1977, kuwa kuku waliofugwa mlimani kwenye mwinuko wa mita 3,800 walitaga mayai yenye matundu yenye eneo dogo zaidi. Mwili wa kuku hujirekebisha. Yai lililotagwa Kigamboni halina marekebisho hayo. Limeumbwa kwa hewa ya baharini, nalo limeletwa milimani likauke.

Ongeza kipupwe. Mwezi wa Juni na Julai usiku wa Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na hewa baridi ikipashwa moto hadi nyuzi 37.7 huwa kavu kupita kiasi. Mtotoleshaji wa hapa huweka sahani pana ya maji, huacha tundu la hewa wazi zaidi kuliko anavyoelekezwa, na hupima. Mzani mdogo wa jikoni unatosha. Yai la gramu 50 linatakiwa lifike siku ya 18 likiwa na gramu 44 hivi. Likipungua zaidi, kifaranga hugandamana na utando. Likibaki zito, hukosa nafasi ya kupumua. Nimeona daftari la mtotoleshaji lenye safu za gramu ukurasa kwa ukurasa, na sijaona daftari la hesabu lililotunzwa vizuri kuliko hilo. Umeme ukikatika usiku, blanketi na chupa za maji ya moto huwa tayari pembeni.

Mababu wa kazi hii hawakuwa na mzani wala kipimajoto. Huko Misri, ambako tanuri za udongo zimetotolesha mayai kwa maelfu tangu zama za kale, fundi huligusisha yai kwenye kope la jicho na kujua kama joto limezidi au limepungua. Watotoleshaji wetu bado hufanya hivyo, hata wenye mashine inayoandika namba kwa taa nyekundu. Namba huweza kukosea.

Siku ya saba ni ya kumulika. Yai hai huonyesha mishipa myekundu iliyotawanyika kama mizizi ya mche, na doa jeusi la jicho katikati. Lisilo na mbegu hung'aa lote. Lililokufa huwa na duara la damu, nalo hutolewa kabla halijawa viza na kuchafua mengine. Siku ya 18 kugeuza hukoma, maji huongezwa, na mlango hufungwa.

Hapo ndipo subira hupimwa. Kifaranga akishatoboa ganda anaweza kukaa saa nyingi, hata siku nzima, bila kusonga mbele. Sauti yake inasikika, mdomo unaonekana, na kila mtu ndani ya nyumba anataka kumsaidia. Lakini wakati huo damu bado inarudi mwilini kutoka kwenye utando, na kiini bado kinaingia tumboni. Ukimbandua, anavuja damu. Ukifungua mlango ovyo, unyevu hutoka na utando hukauka juu ya wenzake. Fundi huketi mbali na mashine na kuwazuia watoto wasisogee.

Kwa mayai yaliyosafiri, wengi hushukuru wakipata nusu. Kwa yaliyotoka Dar es Salaam, mara nyingi ni chini ya hapo. Kwa hiyo, ndugu mfugaji, ukitaka mbegu mpya Mbeya, itafute kwanza Iringa, Mafinga au Makambako, kwa kuku wanaopumua hewa kama yetu. Muulize anayekuuzia tarehe ya kutagwa. Na ukimpelekea mtotoleshaji trei yako moja, mlipe kwa mayai yote thelathini aliyoyatunza, hata vifaranga wakitoka kumi na watatu.