Siti binti Saad na Nyumba ya Ng'ambo: Kuusoma Upya Wasifu wa Shaaban Robert

Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka kwanza mwaka 1958, kimezoeleka kusomwa kama kisa cha mtu mmoja aliyejikwamua kutoka katika unyonge akafikia utukufu. Mafunzo yake hutolewa darasani kwa wepesi: bidii hulipa, na tabia njema huishinda nasaba. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba usomaji huo, ijapokuwa hauna kosa, una upungufu. Unamtenga Siti na nyumba iliyomkuza, na hivyo unatunyima jambo lililo zito zaidi, nalo ni jinsi watu waliosukumwa pembeni mwa jamii walivyojitafutia undugu.

Yafaa tuanze na historia. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, na wazazi waliokuwa watumwa. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa mwaka 1897, lakini sheria haikumpa aliyeachwa huru ardhi wala ukoo. Wengi walihamia mjini wakajenga nyumba za udongo na makuti ng'ambo ya mkondo wa maji, mkabala na majumba ya mawe. Mtaa ukaitwa Ng'ambo, na jina lenyewe ladhihirisha nani aliyekuwa akitazama na nani aliyekuwa akitazamwa. Siti, ambaye alikuwa akiuza vyungu, alihamia mjini mwaka 1911.

Taarabu aliyoikuta ilikuwa ya jumba la Sultani na ya vyama vya wanaume, mathalani Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, nayo iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili. Hata hivyo, hakuiimba peke yake. Walikuwapo Subeti bin Ambari, Buda bin Mwendo, Maalim Shaaban na Mbaruku Effandi Talsam. Usiku nyumba yake ilikuwa makutano: majirani waliingia, habari za mtaa na za mahakamani zikasemwa, na zilizosemwa zikageuka nyimbo. Wimbo wa Kijiti ni mfano bora. Mwanamke mgeni kutoka bara aliuawa, mwuaji akatoroka, na waliotiwa adabuni ni wanawake waliofuatana na marehemu. Pale ambapo mahakama ilishindwa, barazani pa Siti mnyonge alipata hukumu nyingine. Hukumu hiyo isingaliwezekana kutungwa na mtu aliyejifungia chumbani; yahitaji wengi wanaojua na wanaosikitika pamoja.

Hapa ndipo penye ila ya Wasifu. Kwa umbile lake, utanzu huu humtafuta mtu mmoja wa kusifiwa, na Shaaban Robert, aliyependa kuufanya uandishi kuwa kioo cha maadili, aliuweka uzito wa masimulizi juu ya sifa za nafsi: subira, ukarimu na unyenyekevu. Lakini ukarimu si sifa ya mtu aliye pweke. Lazima awepo wa kupokea, na aliyepokea jana huwa mtoaji leo. Walipomkejeli wapinzani wake kwa kumkumbusha kaniki aliyoingia nayo mjini, Siti alijibu kwa wimbo uliotanguliza akili na tabia mbele ya sura. Wasomaji wengi hulichukua jibu hilo kuwa la mtu aliyejitetea. Lakini kaniki ilikuwa vazi la watumwa, na mitaani mwa Ng'ambo hapakukosekana mwanamke aliyepata kuivaa. Siti alikuwa akiwajibia wote hao.

Yawezekana mtu akapinga kwamba twaupamba ufukara. La hasha. Ng'ambo ilikuwa na husuda, na kejeli yenyewe ni ushahidi. Aidha, Siti alipata sifa ambayo wenzake wa mtaani hawakuipata. Mwaka 1928 walipokwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, jina lake ndilo lililotangulia. Lakini mwaka huohuo wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja. Hatudai kuwa nyimbo ndizo zilizouleta mgomo. Twasema tu kwamba watu waliozoea kuketi pamoja usiku hawakuwa wageni kwa wenzao ilipofika siku ya kukataa.

Hapana budi, basi, tumshukuru Shaaban Robert kwa kumtungia wasifu binti wa watumwa katika zama za ukoloni, na papo hapo tuwatake wanafunzi wetu wakisome kitabu hicho kwa swali jingine. Wasiulize tu Siti alipandaje. Waulize ni nani walioketi naye kabla hajapanda, na walikuwa nani kwake. Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Msemo huo twaukariri mno hata umekwisha makali. Nyumbani mwa Siti ulikuwa bado riziki ya kila siku, kwa kuwa wengi waliokuwamo hawakuwa na undugu mwingine.