Saa ya Dungu: Redio na Nyimbo katika Bonde la Kilombero

Mawimbi ya FM hayavuki milima kirahisi. Ukisimama Ifakara, upande mmoja una ukuta wa Udzungwa, ambao kilele chake cha Luhombero kinafika mita 2,579. Upande mwingine, ng'ambo ya mto, kuna milima ya Mahenge. Katikati ni beseni la mpunga. Redio inayorusha matangazo kutoka ndani ya beseni hilo, kama Pambazuko FM ya Ifakara, au kutoka ukingoni mwake, kama Ulanga FM ya Mahenge, haichagui wasikilizaji. Inawapata waliomo: mkulima, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake, mkata miwa wa Kidatu, muuguzi wa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, kijana wa bodaboda anayesubiri abiria wa Lupiro.

Kwa watu mchanganyiko hivyo, kanuni ya mjini inakwama. Kanuni hiyo inasema stesheni iwe na sauti moja kutwa nzima. Chimbuko lake hutajwa kuwa Omaha, Marekani, ambako Todd Storz alianza katika miaka ya 1950 kurudiarudia nyimbo chache zilizopendwa kuliko zote. Inasimuliwa kwamba aliwaona watu baa wakitumbukiza sarafu kwenye mashine ya santuri ili wasikie wimbo uleule waliokwisha kuusikia. Dar es Salaam, EFM iliyoanza mwaka 2014 ilifuata njia inayofanana na hiyo: iliwalenga watu wa uswahilini na kuipa nafasi singeli, muziki wa vigodoro ambao wengi waliubeza kuwa wa kihuni. Ilifaulu, na sababu mojawapo ni kwamba Dar ina stesheni tele. Asiyetaka singeli anahamia kwingine, wala hakuna anayedhurika. Bondeni mtu huyo akizima, amezima.

Kielelezo kinachofaa zaidi kwa Kilombero ni cha zamani: Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa miaka mingi RTD ilikuwa peke yake Tanzania Bara, kwa hiyo haikuweza kuwa redio ya vijana au ya wazee. Ilichofanya ni kuigawa siku kwa kuangalia nani yuko wapi saa hizo. Mchana Mwema ilikuwa na watu wake, Klabu Raha Leo ikawaletea bendi wapenzi wa dansi, na Ugua Pole ikapeleka salamu na nyimbo kwa wagonjwa waliolazwa. Angalia hiyo ya mwisho: kipindi cha muziki kilichopangwa kwa kufuata kitanda cha hospitali! Umri, jinsia na kipato, vigezo ambavyo wauza matangazo wa leo wanaviabudu, havikuhusika hapo.

Ukiichukua mantiki hiyo ukaileta bondeni, kitu cha kwanza kukipima ni maji. Mvua zikianza, familia nyingi huhamia mashambani, mbali na kijiji, na kuishi huko miezi kadhaa. Mpunga ukichanua, kazi ni kuamia ndege, kama kwelea, tangu alfajiri. Anayeamia anakaa juu ya dungu, jukwaa lake la kulindia shamba; mikono inarusha mawe, macho yako shambani. Masikio tu ndiyo yana nafasi. Saa kumi na mbili asubuhi huyo ndiye msikilizaji wako mwaminifu kuliko wote, na mjini wenzake bado wamelala.

Umpigie nini? Hapa uamuzi ni wa kiufundi kuliko wengi wanavyodhani. Redio ya betri ina spika ndogo, na spika ndogo haitoi besi. Amapiano, ambayo roho yake ni ule mdundo mzito wa chini, hufika dunguni ikiwa imechujwa, imebaki kugongagonga tu. Gita la Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz linakaa katikati ya sauti, mahali ambapo spika ndogo ina nguvu, kwa hiyo linafika zima. Zilipendwa asubuhi, basi, si kwa ajili ya wazee peke yao; ni kwa sababu zinasikika vizuri. (Nikiri kwamba mimi ni mtu wa zilipendwa. Msinipe ufunguo wa studio.)

Jioni hesabu inageuka. Kibanda cha kuchaji simu pale sokoni kina spika kubwa, na vijana wako hapo. Lakini kijana huyo ana memori kadi iliyojaa nyimbo, hivyo wimbo mpya wa Bongo Fleva peke yake haumshiki. Kinachomshika ni jina lake kutajwa hewani. Ndiyo maana salamu hazijafa.

Salamu pia ndicho kipimo cha bei rahisi cha stesheni ndogo: zinakuletea jina, kijiji na wimbo unaotakiwa. Zina mtego wake, hata hivyo. Wanasalamu ni ukoo. Ni walewale kila siku, wanajuana kwa majina ya utani, na simu zao hazikosi vocha. Mtayarishaji akifuata orodha yao, baada ya muda anawapigia muziki watu hao peke yao, huku mfugaji asiyetuma hata salamu moja akiwa amemtoka bila yeye kujua. Na kwa kuwa utangazaji wenyewe unatakiwa uwe wa Kiswahili au Kiingereza, wimbo wa Kisukuma au ngoma ya sangula ya Wapogoro ni miongoni mwa nafasi chache ambazo lugha ya nyumbani inapata kupita hewani. Nusu saa ya nyimbo hizo, tena katikati ya wiki na si kwenye sherehe za kitaifa tu, ningeipigania kuliko kipindi chochote cha chati.

Halafu mavuno yanakwisha. Madungu yanabaki matupu, watu wanarudi vijijini wakiwa na fedha ya mpunga, harusi zinaanza, na saa kumi na mbili asubuhi kila mtu amelala. Orodha ya asubuhi iliyofaa mwezi wa nne, ikiachwa hivyo hivyo hadi mwezi wa saba, inawaimbia kwelea.