Jiji Janja na Mshika Usukani Wake

Watafsiri wa habari za mitambo wamezoea sasa kuyaita majiji yaendeshwayo kwa kompyuta "majiji janja", na wengine "miji mahiri". Majina haya ni mepesi ulimini, walakini yote mawili yana ila. Mjanja kwetu ni mwenye akili, na aghalabu ni mwenye hila pia. Umahiri nao ni sifa ya fundi aliyeimudu kazi yake. Mji si fundi. Msomaji akiambiwa kuwa mawe na taa zina akili, hataona haja ya kuuliza ni akili ya nani.

Jina la kitaalamu lilikuwa na maana iliyo bora zaidi. Mwaka 2006 Helen Gill, wa Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani, aliiita mitambo hii mifumo ya saibafizikia. Sehemu hiyo ya "saiba" yatokana na neno alilolieneza Norbert Wiener katika kitabu chake cha mwaka 1948, naye alilitwaa katika Kiyunani, ambamo maana yake ni mshika usukani. Huyo huitazama bahari, hugeuza usukani, kisha hutazama omo imeelekea wapi, akageuza tena. Ndivyo zifanyavyo taa za njia panda za mfumo wa SCOOT, uliojaribiwa Glasgow katika miaka ya 1970: waya uliozungushwa chini ya lami hutambua magari yapitayo, kompyuta hukadiria msongamano, na taa hubadilishiwa muda wake, kisha magari huhesabiwa upya.

Katika jambo hili utafiti wenyewe wastahili sifa. Edward Lee wa Berkeley alionyesha mwaka 2008 kwamba lugha za programu haziutii wakati ndani ya maana ya usahihi. Barua ikichelewa ni barua bado, lakini breki ikichelewa si breki. Hoja hiyo ingefahamika upesi na baharia yeyote aliyepata kukaribia mwamba.

Udhaifu huanza pale watafiti watokapo njia panda wakauingia mji mzima, kana kwamba tofauti ni ya ukubwa tu. Taa yataka magari yapite. Mji wataka nini? Huko Toronto, mwaka 2017, kampuni ya Sidewalk Labs, ndugu ya Google, ilichaguliwa kupanga mtaa wa Quayside, eneo la ekari 12 hivi, uwe na vihisi vingi. Oktoba 2018 Ann Cavoukian, mshauri wake katika mambo ya faragha, alijiuzulu, kwa kuwa kampuni nyingine hazingelazimishwa kuyafuta majina ya watu mara habari zao zikusanywapo. Mei 2020 kampuni ilijitoa, ikitaja mashaka ya uchumi. Ugomvi wa miaka ile haukuwa juu ya wepesi wa mitambo. Ulikuwa juu ya mkono ulioshika usukani.

Kwa hiyo napendekeza tuseme "mifumo ya usukani". Najua madereva watacheka, maana usukani wao ni ule wa gari. Na waucheke, kwani ni kazi ile ile. Tena neno halitaji kompyuta, basi panapohitajika liongezwe: mifumo ya usukani wa kompyuta. "Saibafizikia" na libaki katika vitabu vya wahandisi.