Sifa za Fundi Asiyetajwa

Mwaka 1952 studio ya Metro-Goldwyn-Mayer, iliyokuwa Culver City katika jimbo la California, ilitoa senema ya nyimbo na vichekesho iitwayo Singin' in the Rain, ambayo kisa chake ni misukosuko ya studio moja ya Hollywood mnamo 1927, pale picha zilizokuwa bubu zilipolazimika kusema. Aghalabu watu huikumbuka kwa Gene Kelly anavyocheza mvuani. Bali mimi kila niitazamapo macho yangu humwendea yule fundi wa sauti aliyefungiwa kibandani, ambaye kazi yake ni kusikiliza, na ambaye husikia kila kitu isipokuwa maneno anayoyatafuta.

Katika kisa hicho Bibi Lina Lamont, mwigizaji mwenye uso wa kupendeza na sauti ya kukwaruza masikio, amewekewa kipaza sauti katika kichaka. Naye, kwa kuwa amezoea kuigiza kwa shingo na macho, hugeuka huku na huku, nusu ya maneno yake yakapotea hewani. Kipaza sauti kinahamishiwa kifuani mwake, na fundi anasikia moyo ukipiga kama ngoma. Mara anaingia mkubwa wa studio, anauona waya umetambaa sakafuni, anauvuta kwa ghadhabu, na bibi wa watu anapinduka miguu juu. Hata picha ilipoonyeshwa, shanga zake zilinguruma, kisha sauti ikateleza, mwanamke akawa anasema kwa sauti ya mwanamume, ilhali hadhira inavunjika mbavu.

Nani aliitelezesha sauti ile? Ni mafundi walioweza kuisimamisha barabara. Maana kukosea kwa kipimo, hata kosa lichekeshe pasipo kuchosha, ni kazi isiyofanywa na mtu asiyejua kupatia. Wala mashaka yale hayakuwa uzushi mtupu: kamera za zama zile zilikuwa na kelele, zikafungiwa kweli vibandani pamoja na wapigapicha wake, wakatoka jasho. Tena walioitengeneza senema hii walikuwamo watu wa zama zile: idara ya sauti ya Metro-Goldwyn-Mayer ilikuwa bado chini ya Douglas Shearer, aliyeiongoza tangu mwanzo wa senema zenye sauti; na Walter Plunkett, aliyebuni mavazi, alikuwa amekwisha kuwavika waigizaji tangu miaka ya 1920.

Katika kisa, msichana Kathy, aliyeigizwa na Debbie Reynolds, humwazima Lina sauti yake nyuma ya pazia, hata mwisho pazia likavutwa na haki ikadhihirika. Basi tazama hila ya ufundi: wimbo ambao Kathy anaonekana akimwimbia Lina kwa siri, hakuuimba Debbie Reynolds, bali Betty Noyes, na maneno ambayo Kathy anadhaniwa kumsemea Lina, aliyesema ni Jean Hagen, yule yule aliyeigiza Lina, kwa sauti yake halisi iliyokuwa nzuri. Nimeyatafakari hayo mara nyingi kwa staha na kwa uchungu pia, kwani senema iliyojengwa juu ya dhuluma ya kuficha mwimbaji ilimficha mwimbaji wake yenyewe, jina la Betty Noyes lisiandikwe popote katika orodha yake.

Wala si sauti tu iliyokosa heshima: mwaka 1970 Metro-Goldwyn-Mayer ilinadi mavazi na vifaa vyake, kazi ya mikono ya watu wa miaka mingi, kana kwamba ni takataka za ghalani. Aliyejitokeza kununua mengi ili kuyahifadhi alikuwa Debbie Reynolds, ambaye jumba la makumbusho alilolitamani halikudumu, na mwaka 2011 naye akalazimika kuanza kuyanadi.

Leo sauti husafishwa kwa mashine, na msikilizaji huona usafi huo kuwa kitu cha bure, kama hewa. Kazi isiyoonekana huhesabiwa kuwa haikufanywa. Na ndiyo sababu mafundi wake huwa wa kwanza kupunguzwa fedha zinapopungua. Lakini tusiwalaumu wenye studio peke yao, madhali sisi tuliocheka hata machozi yakatutoka huinuka vitini upesi mara picha ikwishapo, na majina ya waliotuchekesha yakapita mbele ya viti vitupu.