Vitu alivyovipenda Shaaban Robert

Kuna swali ambalo vijana wa Musienene hawaachi kuliuliza: kusoma hadisi za majini, za manyani waliokuwa watu, za nchi zisizokuwa duniani, si kupoteza wakati wa mutu anayejitayarisha kwa kazi ya Mungu? Na wengine wanaongeza: tena vitabu vya Musulmani! Sipendi kujibu kwa maneno ya jumla. Nataka tumutazame mwandishi mumoja tu, Shaaban Robert wa Tanga, tena tumutazame kwa upande usiozoeleka. Mafunzo yake yanajulikana. Kila mwalimu wa Kiswahili anayarudilia mpaka wanafunzi wanasinzia. Mimi nauliza alipenda nini. Hadisi gani zilimushika? Mashairi ya nani? Sauti ya nani ilimwamsha?

Kwa wale wasiomujua, maneno machache. Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 kule Vibambani, karibu na Tanga, akafa Dar es Salaam katika Juni 1962. Hakuwa profesa wala tajiri. Alikuwa karani wa serikali ya Tanganyika, kwanza forodhani, kisha katika ofisi nyingine. Kiswahili chake ni cha pwani, nacho kinatupa taabu kidogo sisi wa Butembo na Beni. Lakini taabu hiyo inaisha kisha kurasa kumi.

Upendo wake wa kwanza ni Alfu Lela Ulela, zile hadisi za usiku elfu na moja. Kitabu chake Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka wa 1952, kinatoka humo wazi kabisa. Katika hadisi ya Waarabu kuna liwali wa Basra, jina lake Abdallah mwana wa Fadil. Kila usiku anashika mujeledi na kupiga imbwa wawili, akiisha kuwapiga analia, anawapa chakula na kuwabembeleza. Mujumbe wa halifa, aliyekuja kuchukua kodi, anaona jambo hilo kwa siri na kushangaa. Kumbe imbwa ni ndugu zake wawili waliomutupa baharini kwa sababu ya wivu. Jini mwanamuke aliyepata kuokolewa naye ndiye aliyewageuza na kumwamuru awapige kila usiku, asipofanya ataazibiwa yeye mwenyewe. Shaaban Robert anachukua haya yote. Imbwa wanakuwa manyani, Basra inakuwa Janibu, jini anaitwa Huria, na ndugu wanapewa majina ya Hasidi na Mwivu.

Sasa musomaji mwenye haraka atasema: basi, ameiba. Tuende polepole. Halifa wa Waarabu anawaombea wale imbwa, wanarudia umbo la watu, lakini wivu nao unarudi. Wanajaribu tena kumuua ndugu yao, na mwisho wananyongwa. Shaaban Robert aliukata mwisho huo. Kwake Hasidi na Mwivu wanatubu kweli, nao ndugu wote watatu wanapatana. Mutu asiyeipenda hadisi angeifuata mpaka mwisho kama karani anayenakili barua. Yeye aliipenda kiasi cha kugombana nayo.

Je, alishinda katika ugomvi huo? Mimi naona alishinda nusu. Padri yeyote aliyekaa saa nyingi katika kiti cha kitubio anajua kwamba Mwarabu yule asiye na jina alisema kweli yenye uchungu: wivu uliosamehewa unaweza kuamka asubuhi inayofuata. Mwisho wa Shaaban Robert ni mutamu zaidi na ni mwepesi zaidi. Lakini kile kitendo cha katikati, mutu anayepiga huku analia, anayetii amri inayomuumiza yeye kuliko anaowapiga, hicho hakukipunguza hata kidogo. Alikiacha kikae mbele yetu muda murefu bila maelezo. Hakuna fundisho katika vitabu vyake lenye nguvu kama usiku mumoja wa Adili na mujeledi wake.

Upendo wa pili unashangaza. Mwaka ule ule wa 1952 ilitoka tafsiri yake ya mashairi ya Omar Khayyam. Huyu Khayyam alikuwa mwana hesabu na mujuzi wa nyota wa Nishapur, katika nchi ya Uajemi, aliyekufa mwaka wa 1131. Shaaban Robert alimusoma katika Kiingereza cha Edward FitzGerald, kilichotoka kwanza mwaka wa 1859. Ilikuwa njia ya kuzunguka, kama sisi tunavyowafikia waandishi wa Urusi kwa Kifaransa. Mashairi yale yanasifu divai, yanacheka wenye elimu ya dini, yanauliza kama mavumbi yetu yatakumbukwa na mutu. Na anayeyatafsiri ni Musulmani mushika dini, mutu wa nasaha, ambaye katika vitabu vyake mwenyewe hangemwachia mulevi aseme maneno matatu bila kumukemea!

Wengine wamesema ilikuwa zoezi la luga tu. Siamini. Shaaban Robert alikuwa amefiwa na muke wake Amina, akamulilia katika shairi ambalo watoto wa shule za Tanzania wanalijua mpaka leo. Mutu aliyezika anajua swali la Khayyam hata kama hakubali jibu lake. Wasomaji wetu wasishtuke upesi: Eklezia yenyewe imeweka katika Biblia kitabu cha Muhubiri, na wale walioogopa maneno yake hawakufaulu kukiondoa humo.

Upendo wa tatu ni wa muziki, nao kwangu ndio mukubwa kupita yote. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, karibu mwaka wa 1880, katika jamaa maskini ya wafinyanzi. Alitembeza vyungu mujini akiviuza, na kule kuita wanunuzi kukawa shule ya koo lake. Kusoma na kuandika hakujua. Wenye vyeo walimuzarau kwa asili yake na kwa sura yake, naye akawajibu kwa wimbo. Taarabu iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu katika jumba la Sultani, yeye aliiimba kwa Kiswahili, na watu wa mitaa ya maskini wakaelewa kila neno. Mwaka wa 1928 alisafiri mpaka Bombay, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri zilizouzwa pwani yote. Aliimba hata habari za mahakama: mauaji ya mwanamuke mumoja, muuaji Kijiti akakimbilia bara, na lawama ikawaangukia wanawake waliobaki. Alikufa mwaka wa 1950.

Shaaban Robert akaandika maisha yake. Wasifu wa Siti Binti Saad ulichapwa kwanza mwaka wa 1958 katika gazeti la kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki, kisha ukawa kitabu mwaka wa 1967. Tuwaze kidogo juu ya kitendo hicho. Tenzi za zamani zilisimulia hasa mitume, masultani na mashujaa wa vita. Karani huyu anachukua kalamu kwa ajili ya muuza vyungu asiyejua herufi, tena mwimbaji, kazi ambayo wacha Mungu wengi waliitazama kwa jicho baya. Anamusifu sana, ni kweli, na mahali pengine sifa zinazidi mpaka mwanamuke mwenyewe anafichwa nyuma yake. Lakini alimusikia. (Mwaka ule ule wa 1958, huku kwetu Kongo, waimbaji wa Kamina waliimba Missa Luba. Nao wapo waliosema kwamba ngoma haifai altareni.)

Baada ya haya turudi nyuma kidogo, kwa Kusadikika ya mwaka wa 1951, kitabu ambacho wengi wanakitaja kuwa bora. Ni nchi inayoelea angani. Musomaji wa Jonathan Swift atakumbuka Laputa, kisiwa cha angani katika Safari za Gulliver za mwaka wa 1726. Karama anashtakiwa na Majivuno mbele ya mufalme kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria, naye anajitetea siku sita akieleza habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, juu na chini pia. Kila mumoja alirudi na shauri jema, kila mumoja akafungwa. Msingi wa hadisi ni mukubwa. Sisi wa Beni, tunaozika watu wetu tangu mwaka wa 2014 na kusikia ripoti juu ya ripoti, hatuhitaji kuelezwa mujumbe asiyesikilizwa ni nani.

Lakini tuseme ukweli: wajumbe sita wanafanana mno. Ukisoma wa kwanza na wa pili, umekwisha kujua wa tano. Majina nayo yanasema yote kabla mutu hajafungua kinywa: mwenye jina la Majivuno atafanya nini isipokuwa kujivuna? J. R. R. Tolkien, Mukatoliki wa Uingereza aliyetunga hadisi kubwa za nchi isiyokuwako, alisema wazi kwamba hapendi mafumbo ya namna hiyo, ambamo kila kitu ni alama ya kitu kingine. Mimi sifiki huko, kwani mifano ya Injili ingenipinga. Ila naona hivi: katika Kusadikika Shaaban Robert anasikiliza zaidi alichokwisha kukiamini, na sauti inakuwa moja. Katika Adili, katika Khayyam, katika Siti, alisikiliza watu wasiofanana naye, muhadisi wa kale, mushairi wa divai, mwanamuke asiyesoma. Hapo ndipo maandishi yake yanapata damu.

Kwa hiyo, wale wanaouliza kama hadisi za majini zinapoteza wakati, naona wanakosea swali. Mwalimu wa dini anayependa mahubiri tu atahubiri kama yule mujumbe wa tano. Kwetu kungali na wazee wa Kinande wanaosimulia jioni hadisi za wanyama na za mazimwi, na kuna nyimbo za wamama wanaorudi shambani. Ni mafrateri wangapi waliokwisha kuziandika katika daftari?

Anayetaka kuanza, aanze na Adili na Nduguze. Ni kifupi, na katekista anaweza kukisoma kwa sauti mbele ya watu. Wasifu wa Siti ufuate. Kusadikika kisomwe na wawili watatu pamoja, kwa mabishano. Kufikirika, kilichotoka mwaka wa 1967 baada ya kifo chake, ambamo wanataka kuchinja mujinga na mwerevu ili mutoto wa mufalme apone, kingojee mwaka wa pili. Kina kicheko cheusi ambacho sikukitaja hapa, nacho kinadai makala yake chenyewe.