Naitrojeni Inavyoitambulisha Almasi

Kifaa kidogo ambacho masonara hutumia kupima almasi kina ncha inayoangalia jinsi jiwe linavyopitisha joto. Kikigusa kioo, kimya. Kikigusa almasi, kinalia. Kikigusa almasi ya maabara kinalia vilevile, wala hakijakosea: jiwe lililokuzwa kwa wiki chache lina kaboni ileile, iliyopangika vilevile, kama lililokaa ardhini zaidi ya miaka bilioni moja. Mwenye kutaka kuyatofautisha hana budi kutazama uchafu uliomo ndani, na uchafu mkuu ni naitrojeni.

Ilichukua muda kuijua. Mwaka 1934 Robertson, Fox na Martin waligawa almasi katika makundi mawili baada ya kuona kwamba baadhi huzuia mionzi ya urujuanimno na nyingine huipitisha. Sababu ilibainika mwaka 1959, pale Kaiser na Bond wa Bell Labs, Marekani, walipoonyesha kwamba kundi la kwanza lina naitrojeni kwa wingi.

Kinachofichua zaidi ni namna atomi zake zilivyokaa. Almasi inapokua, naitrojeni huingia mojamoja, kila atomi ikishika nafasi ya kaboni. Zikibaki pwekepweke hufyonza mwanga wa bluu, na jiwe huwa la njano iliyokolea. Joto likidumu, atomi hizo huhama taratibu: kwanza hukaa mbilimbili, kisha hukusanyika nnenne kuzunguka pengo lisilo na kaboni. Njiani hutokea pia tatutatu zinazozunguka pengo, zinazofyonza mwanga wa nanomita 415. Hizi ndizo chanzo cha njano hafifu ya almasi nyingi za asili.

Safari hiyo ilithibitishwa kwa jaribio ambalo, kwa uzuri wa mantiki yake, linastahili sifa zaidi ya zile linazopewa. Mwaka 1977 Chrenko, Tuft na Strong wa General Electric walichukua almasi za njano za maabara, zenye naitrojeni pwekepweke, wakazipasha joto kali chini ya mgandamizo mkubwa. Naitrojeni ikaanza kukaa mbilimbili, kama ilivyo kwenye almasi za asili. Kazi ambayo ardhi huifanya kwa mamilioni ya miaka, katika joto la nyuzi elfu moja na ushee, ilianza kuonekana maabara kwa muda mfupi kwa sababu joto lilipandishwa mno.

Ndiyo maana mkaguzi hupitisha mionzi ya infraredi kwenye jiwe na kusoma mchoro unaotokea. Kilele kwenye mawimbi 1,282 kwa sentimita ni cha naitrojeni ya mbilimbili. Kwenye 1,175 ni ya nnenne. Kwenye 1,344 ni pweke. Vilele viwili vya kwanza vikiwa virefu, jiwe limeiva ardhini.

Ugumu unaanza kwenye almasi nyeupe za maabara. Wakuzaji huchanganya titani au alumini kwenye metali iliyoyeyuka ambamo jiwe hukua, ili inase naitrojeni, na jiwe linatoka bila kilele chochote. Kwa kuwa almasi za asili zisizo na naitrojeni ni takriban asilimia 1 hadi 2 tu, mashine za ukaguzi huweka kando kila jiwe la aina hiyo lichunguzwe zaidi. Kuwekwa kando si hukumu. Cullinan, jiwe la karati 3,106 lililopatikana Afrika Kusini mwaka 1905, lingetengwa pia. Vivyo hivyo Williamson Pink Star ya karati 11.15, iliyochongwa kutoka jiwe la Mwadui, Shinyanga, na kunadiwa Hong Kong mwaka 2022. Hata rangi yake ya waridi haidai naitrojeni. Almasi za namna hiyo hupata rangi baada ya fuwele kupindwa na nguvu za ardhini.

Kwa almasi zinazokuzwa kutokana na gesi ya methani na haidrojeni, naitrojeni huongezwa makusudi, kidogo sana, kwa sababu huharakisha ukuaji. Gharama yake ni rangi ya kahawia, ambayo wengi huiondoa baadaye kwa joto na mgandamizo. Lakini baadhi ya atomi hubaki zimeshikana na pengo moja, na chini ya urujuanimno mawe ambayo hayajapitishwa kwenye joto hilo mara nyingi hung'aa rangi ya chungwa, yenye mistari myembamba inayofuata matabaka ya ukuaji.