Namna ya Kuikagua Lenzi ya Kisasa

Wanunuzi wengi wa lenzi huanza na herufi zinazofuata jina lake: PF au DO. Herufi hizo zinakuambia kiwanda kimetumia ufundi gani, lakini haziwezi kukuambia picha itatokaje. Kila ufundi mpya wa vioo huondoa tatizo moja na kuacha alama yake mahali pengine. Ukijua pa kuitafuta alama hiyo, bei haitakutisha wala kukuhadaa.

Anza na vioo vya asferiki. Kioo chenye mbinuko wa tufe ni rahisi kusaga, ila miale inayopita pembezoni mwake haikutani na ile ya katikati, na picha hupoteza makali. Leica waliikabili kasoro hiyo mwaka 1966 kwa Noctilux ya milimita 50 f/1.2, ambayo nyuso zake za asferiki zilisagwa kwa mkono, kazi ya gharama kubwa mno. Leo vingi vya vioo hivi hulainishwa kwa joto na kugandamizwa kwenye kalibu. Kalibu yenyewe huchongwa ikizunguka, na mikwaruzo ya chombo, ingawa haionekani kwa macho, huhamia kwenye kioo.

Jaribio lake ni hili. Chumba kiwe giza, washa taa moja ndogo upande wa mbali, fungua tundu la lenzi hadi mwisho, kisha vuta fokasi karibu mpaka taa igeuke duara kubwa. Piga, halafu kuza picha na ulitazame duara hilo bila haraka. Lenzi nzuri hutoa duara lililojaa mwanga sawasawa, na ukingo wake hufifia taratibu. Iliyotoka kwenye kalibu mbaya huonyesha pete ndani ya pete, mithili ya kitunguu kilichokatwa. Sony walipoleta vioo vyao vya XA mwaka 2016, walitangaza usahihi wa uso wa mikroni 0.01, na shabaha yao ilikuwa pete hizo hizo. Mpiga picha wa harusi, ambaye nyuma ya bibi harusi kuna mamia ya taa ndogo, asinunue lenzi kabla ya jaribio hili. Anayepiga majengo mchana anaweza kuliruka.

PF na DO ni habari nyingine. Augustin Fresnel, Mfaransa, aliigawa lenzi ya mnara wa taa katika pete miaka ya 1820 ili kupunguza uzito. Canon (kwa jina la DO) na Nikon (kwa jina la PF) wamepeleka pete ndogo zaidi ndani ya lenzi za kamera, nazo hupinda rangi kinyume na kioo cha kawaida, hivyo kasoro ya rangi ya kimoja hufutwa na mwenzake. Canon walitangulia na milimita 400 f/4 mwaka 2001. Nikon wakaja na milimita 300 f/4 mwaka 2015, yenye gramu 755 tu. Gharama ya pete hizi huonekana taa kali inapoingia kwenye fremu: huzungukwa na ukungu wa pete zenye rangi. Kwa anayefuata ndege na wanyama Serengeti siku nzima, kamera ikiwa mkononi, ningemshauri achukue bila kusita. Kwa wapiga picha wa jukwaani, hapana.

Kuhusu tabaka za kuzuia mng'ao, usihukumu kwa rangi ya kioo cha mbele. Uso wa kioo kisichopakwa hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga, na Alexander Smakula wa Zeiss alipata dawa yake mwaka 1935. Tabaka za nano zilizofuata ni uboreshaji mkubwa. Piga mtu aliyesimama dhidi ya jua, kisha tazama nywele zake. Weusi wake ukibaki mweusi, tabaka inafanya kazi.

Mwisho, fungua faili ghafi kwenye programu isiyonyoosha picha. Lenzi nyingi mpya huachia kamera kazi ya kunyoosha mistari, na pembe zilizovutwa hupoteza maelezo madogo. Mimi sioni aibu kwa kiwanda kufanya hivyo, mradi bei iwe ya chini.

Nenda dukani na kadi yako ya kumbukumbu. Muuzaji akikataa upige picha hizi chache ukazitazame nyumbani kabla ya kulipa, nenda duka jingine.